Abiria Hakufika

11 Machi

Kwa Ofisi ya Malalamiko ya Wateja,
Shirika la Ndege.

Mimi ni fundi saa. Duka langu lina upana wa meza moja na kiti cha mteja. Nalitaja hilo mapema ili mjue kwamba nikisema saa fulani, ni saa hiyo hiyo.

Alhamisi ya tarehe 6 Februari nilifika kwenye kaunta yenu saa moja na dakika arobaini asubuhi. Ndege ilikuwa iondoke saa nne. Binti wa kaunta alichukua tiketi yangu, akaangalia kompyuta, akaangalia tena, halafu akaniambia viti vimejaa. Nikamuuliza vimejaaje wakati kimoja ni changu. Akasema tiketi huuzwa zaidi ya viti, kwa kuwa kila siku kuna wasiotokea, na siku hiyo kwa bahati mbaya tumetokea wote. Tukabaki watu wanne tunatazamana. Nikaambiwa ndege ya kesho. Kesho yake nikaambiwa tena ya kesho. Nikasafiri Jumamosi.

Hayo yote ningeyameza. Lililonikaa kooni ni hili. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, na namba ya dada yangu siijui kwa kichwa. Naweza kukuhesabia meno ya kila kigurudumu ndani ya saa ya ukutani bila kuifungua, lakini namba ya dada yangu wa tumbo moja siijui, nimezoea kubonyeza jina tu. Yule binti akaniambia, "Usijali baba, namba yake ipo hapa kwenye fomu, tutamjulisha." Nikatulia. Sikuazima simu ya mtu wala chaja. Nilikaa nimetulia siku mbili, nikiamini dada ameshaambiwa.

Hakuambiwa. Alikuwa amemwacha baba yetu nyumbani na jirani, amekuja kunipokea. Abiria wote waliposhuka akaenda kuuliza kaunta yenu ya kule. Wakafungua kompyuta wakamsomea maneno mawili: abiria hakufika.

Baba yetu anasahau. Daktari alimwambia dada kwamba mwenye neno na mzee aje wiki hii, maana wiki ijayo hatujui atamjua nani. Wiki ile alikuwa bado ananiita kwa jina langu, na ananiulizia. Nilipoingia ndani Jumamosi aliniuliza kama nimekuja kusoma mita ya umeme.

Sidai tiketi wala fidia. Nataka barua moja yenye mhuri, iende kwa dada yangu, iseme kwamba Alhamisi ile nilikuwepo mbele ya kaunta yenu. Dada ni mwalimu wa hesabu. Kauli yangu haitaki, amesema ataamini akiona maandishi yenu. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Fundi saa,
abiria aliyefika.


2 Aprili

Mpendwa Mteja,

Tunakushukuru kwa kuchagua kusafiri nasi. Maoni yako ni muhimu sana kwetu.

Tumepitia kumbukumbu za safari yako ya tarehe 6 Februari. Kumbukumbu hizo zinaonyesha kuwa abiria hakufika kwenye kaunta kwa wakati uliotakiwa. Kwa mujibu wa masharti ya safari, shirika haliwajibiki kwa matokeo ya kuchelewa kwa abiria.

Tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza, na tunatarajia kukuhudumia tena.

Karani,
Ofisi ya Malalamiko ya Wateja.


9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, basi nakuandikia. Bahasha angalau haikatiki katikati ya salamu.

Nimewaandikia wale watu wa ndege. Wamenijibu kwamba sikufika. Nakutumia nakala, usije ukasema nakuficha kitu. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nusura niamini mwenyewe. Lakini sitaacha. Nitawaandikia mpaka wachoke wao.

Najua kwa nini huniamini, na wala sikulaumu. Mwaka jana mara mbili nilikuambia niko njiani. Mara ya kwanza nilikuwa dukani nimefungua saa ya mteja, nikajisemea nimalize hii moja kwanza. Mara ya pili hata sababu siikumbuki, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Ulikuwa unapika, ukanipakulia, ukafunika sahani. Najua, jirani yako aliniambia. Lakini ile Alhamisi, dada, naapa kwa jina la mama, nilikuwa njiani kweli.

Nijibu mambo mawili tu. Baba anakula? Na je, ananitaja?

Mdogo wako.


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba.

Baba anakula. Asubuhi uji, mchana kidogo, jioni ananitoroka. Analala vizuri. Ile saa ya mezani uliyomletea anaiweka sikioni na kutabasamu, basi hapo hujapoteza.

Hakutaji. Hajakutaja tangu ile Alhamisi.

Usiniapie kwa jina la mama. Mama naye ulimwambia uko njiani. Na barua ya shirika uliyonitumia inasema kile kile nilichosomewa pale kaunta, sijui ulitaka niione ya nini. Mimi kazi yangu ni kusahihisha. Mtoto akileta jibu lile lile mara mbili na kitabu kikasema vingine, nashika kitabu.

Mzee hatoki nje tena. Viatu vyake vyeusi nimevifungia kabatini, na tafadhali usiniulize kwa nini.

Dada yako.


28 Aprili

Kwa Karani wa Malalamiko,

Mpendwa Mteja ni nani? Mimi nimejieleza kurasa mbili, wewe umenijibu kama unajibu mashine ya kuosha nguo.

Unasema nilichelewa. Haya, tuhesabu pamoja. Kama nilichelewa Alhamisi, Ijumaa asubuhi nilikuwa natafuta nini kwenye uwanja wenu? Nani alinipa tiketi mpya kwa mkono, akanichukulia ile ya zamani? Mtu ambaye hakufika hupewaje karatasi ya kesho yake? Na wale watatu wenzangu, mwalimu wa kwaya, mama mwenye mtoto mgongoni na yule kijana wa mabomba, nao hawakufika? Basi siku hiyo uwanja wenu ulijaa mizimu, tena mizimu yenye njaa.

Mteja akiniletea saa na kuniambia inachelewa, sianzi kwa kumwambia masharti ya duka. Naifungua. Nawaomba mfungue na ninyi. Humo ndani kuna mtu aliyeandika maneno yale mawili, na kabla hajayaandika alikuwa ameniona. Sitaki afukuzwe kazi. Nataka aseme aliniona.

Dada yangu ameacha kuzungumza nami. Baba ameacha kunitaja. Siombi kingine ila barua hiyo, na wiki zinapita, na kwa baba yangu wiki moja ni kitu kikubwa.

Fundi saa.


19 Mei

Mpendwa Fundi,

Tumepokea barua yako ya tarehe 28 Aprili na tumeisoma kwa makini. Tunaomba radhi kwa jibu la awali endapo halikukidhi matarajio yako.

Tunatambua kwamba si jambo jepesi kukaa siku mbili kwenye benchi, karibu na mashine ya maji isiyotoa maji, huku mzee akikusubiri, na bado ukaendelea kuwa mpole kwa wafanyakazi wetu. Kwa bahati mbaya kumbukumbu za safari zikishafungwa haziwezi kubadilishwa na ofisi hii. Kama ishara ya nia njema, shirika liko tayari kukupa tiketi moja ya bure, ya kwenda na kurudi, itakayotumika ndani ya miezi sita.

Tunamwombea mzee afya njema.

Karani,
Ofisi ya Malalamiko ya Wateja.


26 Mei

Karani,

Tiketi sitaki. Nikipewa kiti kwenye ndege yenu sasa hivi nitaketi nikiwaza ni nani amebaki nje.

Lakini barua yako nimeisoma nikasimama. Nikarudi kwenye nakala zangu, maana natunza nakala ya kila kitu, nikazisoma neno kwa neno. Mashine ya maji sikuitaja. Kwamba haitoi maji sikusema. Kwamba nilikuwa mpole sikusema pia, na mwenyewe nisingejisifu hivyo.

Anayeyajua hayo ni mmoja. Aliniletea chai kwenye kikombe cha karatasi Ijumaa saa sita mchana, akaniambia ninywe haraka asije akaonekana na msimamizi. Nikaona saa yake ya mkononi imesimama. Nikamwambia, lete hiyo. Nikaifungulia juu ya goti langu kwa bisibisi ninayotembea nayo mfukoni, nikaitoa vumbi, nikamrudishia ikiwa inakwenda. Alicheka kwa furaha. Akaniambia ilikuwa ya mama yake.

Binti yangu, saa bado inakwenda?

Fundi saa.


15 Juni

Shikamoo baba,

Inakwenda. Inachelewa dakika moja kwa siku, lakini inakwenda.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Naiandika nyumbani kwa mkono, kwenye meza ya kulia chakula, kwa sababu kule ofisini kila barua ina maneno yake tayari kwenye kompyuta na sisi tunabadilisha tarehe. Ile ya kwanza ndiyo hiyo. Nilijua ni wewe tangu mstari wa kwanza, uliposema wewe ni fundi saa. Nikabonyeza jibu namba nne nikaituma, halafu nikaenda chooni nikalia. Najua hilo halikusaidii kitu.

Ni mimi niliyekuwa kaunta. Na ni mimi niliyeandika hakufika. Wewe na wale watatu, wote niliwaandika kwa kidole hiki hiki, huku mmesimama mbele yangu mmeshika mizigo. Ndivyo tulivyofundishwa. Abiria aliyenyimwa kiti huhesabiwa kila mwezi, na hesabu hiyo ikipanda msimamizi huitwa juu. Abiria asiyefika hahesabiwi popote. Kwa hiyo ndege ikijaa, anayebaki huandikwa hakufika. Nilipoanza kazi niliuliza, nikaambiwa ni neno tu la kompyuta, halimdhuru mtu. Nikazoea. Nimewaandika hivyo watu wengi ambao siwakumbuki hata sura.

Namba ya dada yako niliiona. Nilinyanyua simu. Msimamizi akauliza nampigia nani, nikamwambia. Akasema, "Ukimwambia ndugu yake kwamba yuko hapa, na kompyuta inasema hayuko, wewe utakuwa umesema nini?" Nikairudisha simu mahali pake. Nilikuwa na siku nzima ya Ijumaa ya kukuambia kwamba sikupiga. Nilikuletea chai badala yake. Nikakupa saa yangu uitengeneze, na wewe ukanitengenezea, na bado nikanyamaza. Hiyo chai ndiyo inayoninyima raha mpaka leo.

Mwezi wa pili ulipoisha nikahamishiwa malalamiko, eti nina lugha nzuri.

Barua uliyoiomba nimeiandika na kuituma moja kwa moja kwa dada yako. Nakala ni hii hapa chini. Mhuri nimeugonga mwenyewe. Siombi unisamehe, nimechelewa mno kwa hilo.

Binti wa kaunta.

(Nakala)

Kwa Mwalimu,

Mdogo wako alikuwa mbele ya kaunta yetu Alhamisi tarehe 6 Februari, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Alikuwa na tiketi halali. Alikuwa amevaa koti la kijivu na alinionyesha picha ya baba yenu, akaniambia, "Huyu ananisubiri." Tulikuwa tumeuza kiti chake kwa mtu mwingine. Nilimwahidi kwamba nitakupigia simu na sikupiga. Maneno uliyosomewa niliyaandika mimi, nikijua ni uongo. Yeye alifika. Ni sisi tulioandika vingine.


24 Juni

Binti yangu,

Barua yako imefika. Nimeiweka kwenye droo ya saa zilizokwisha tengenezwa ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua.

Nilijiandaa kukutukana. Nilikuwa hata na maneno mazuri niliyoyachagua kwa wiki nzima. Sasa nakaa nayo tu. Ulichokifanya kimenikata maini, na siwezi kukuambia kwamba yamekwisha, kwa sababu baba yangu ndiye yule yule na hanijui. Lakini mimi pia nimewahi kumwambia mtu niko njiani huku nimekaa, nikaona ni neno tu. Nina hakika kwamba kama nisingekuwa nimeshasema uongo ule mara mbili, uongo wenu usingepata pa kukaa.

Hiyo dakika moja ni kitu kidogo, kuna kijiti ndani kinasogezwa. Ukipita upande huu, ilete.

Fundi saa.

(Bahasha hii ilirudi baada ya siku tisa ikiwa haijafunguliwa. Juu yake imeandikwa kwa kalamu nyekundu: Karani huyo hayupo.)


2 Julai

Mdogo wangu,

Barua ya yule binti nimeipata. Nimekaa nayo siku kumi kabla ya kukuandikia, na nisiposema leo sitasema tena.

Darasani kwangu nina desturi moja. Nikimpa mtoto kosa wakati jibu lake ni sahihi, simwiti pembeni. Namsimamisha mbele ya wenzake, nafuta ile alama nyekundu wote wakiona, nasema mwalimu amekosea. Wewe huna darasa hapa, ila nimemwita jirani akae nami wakati naandika, yule aliyekuambia habari za sahani. Anasoma juu ya bega langu na ananiambia niache kuchora chora.

Alhamisi ile baba aliamka akiwa yeye mwenyewe. Hajawahi kuamka hivyo tena. Aliuliza ndege inatua saa ngapi. Akataka anyolewe. Akataka vile viatu vyeusi, na nilipoinama nimfunge kamba akanisukuma mkono, akafunga mwenyewe, polepole, mafundo mawili mawili. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Jirani huyu anasema kutwa nzima hakuondoka pale, na kila gari lililopita alinyoosha shingo.

Nilirudi saa kumi na mbili jioni peke yangu. Akatazama nyuma yangu. Akauliza, "Yuko wapi?"

Ningeweza kusema ndege imechelewa. Ningeweza kusema kesho. Nilikuwa nimechoka, nimechemka, nimesimama pale uwanjani kutwa kama mtu aliyesahauliwa. Nikamwambia, "Hakuja, baba. Hakufika hata uwanjani. Saa za watu ni muhimu kuliko wewe."

Hakufika lilikuwa neno la shirika. Hayo mengine yalikuwa yangu, hakuna aliyenisomea kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeyaweka tangu mwaka jana, nikapata pa kuyatolea, na nikamtolea yeye.

Aliinama akafungua zile kamba, moja baada ya nyingine. Akavipanga viatu pamoja, vikatazama ukutani. Ijumaa asubuhi hakumuulizia mtu yeyote. Ulipokuja Jumamosi nilikuona mlangoni na koti lako la kijivu, nikajua moyoni kwamba mtu hasafiri siku ya tatu kwa ajili ya uongo. Nilijua, mdogo wangu. Lakini kukuamini kulimaanisha kwamba mimi ndiye niliyemvunja baba moyo, tena bure. Nikaona heri uwe mwongo.

Nisamehe. Siandiki kwa maneno mengi kwa sababu mengi yataniharibia.

Wiki iliyopita nilimsomea baba barua ya yule binti. Alisikiliza yote, akiwa na saa yako sikioni. Nilipofika kwenye koti la kijivu akaniuliza, "Nani huyo?" Nikamwambia, "Ni mwanao." Akasema, "Kumbe nina mwana." Kisha akauliza, "Kwa hiyo alikuwa njiani?" Nikamwambia, ndiyo baba, alikuwa njiani, walimzuia. Akatikisa kichwa akasema, "Watu wabaya hao."

Kesho yake alikuwa amesahau. Nikamsomea tena. Namsomea kila asubuhi baada ya uji, na kila asubuhi anauliza yale yale, na kila asubuhi anapata mwana upya. Sijui kama ninamtibu yeye au najitibu mwenyewe.

Leo, nilipomaliza kusoma, ameomba viatu. Nimemtolea kabatini. Kamba amefunga mwenyewe, si vizuri, na amekaa kwenye kile kiti cha mlangoni. Hajui anamsubiri nani. Nimemuuliza, amesema, "Yule wa njiani."

Panda basi. Ndege uziache.

Dada yako.